Wauguzi wa Vizazi Viwili katika Wodi Moja

Katika wodi za wazazi nchini Tanzania, zikiwemo za hospitali za Kanisa, mkunga anayekaribia kustaafu akiwa na miaka 60 hupangwa zamu moja na kijana aliyemaliza chuo juzi. Wote wawili wamefundishwa vema, ila hawakufundishwa mambo yaleyale, na tofauti hiyo humfikia mama aliyelala kitandani.

Tuchukue mfano wa patografu, chati ya kufuatilia uchungu. Kwa miaka mingi wakunga walianza kuijaza mlango wa kizazi ukifunguka sentimita 4, wakitarajia uongezeke walau sentimita 1 kila saa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba uchungu uliokolea uhesabiwe kuanzia sentimita 5, na kwamba kasi ile isiwe peke yake sababu ya kumharakisha mzazi. Mwaka 2020 likatoa chati mpya, yenye nafasi ya kuandika hata kama mama ana mtu wa kumsindikiza.

Hapo ndipo ugumu huanzia. Kijana akisema, "Mama, siku hizi hatuanzi na nne," mkubwa husikia kwamba miaka yake yote kazini imetupwa. Mkubwa akijibu, "Wewe umezalisha wangapi?" kijana hunyamaza, na siku nyingine hunyamaza hata aonapo hatari. Heshima kwa wakubwa ni malezi yetu mema, nasi hatuidharau. Lakini mapigo ya moyo wa mtoto yanaposhuka, kunyamaza si heshima.

Chati nayo haisikii kila kitu. Mkunga wa siku nyingi hushtuka kwa mlio wa mzazi, au kwa mkono alioweka juu ya tumbo, kabla hajaandika lolote. Ujuzi huo hauko kitabuni. Hupatikana kwa kusimama karibu naye.

Kwa hiyo tunaona makabidhiano ya zamu yafanyike kando ya kitanda, si mezani penye chai. Anayeondoka aseme alichokiona, anayeingia apime upya, na yeyote kati yao awe na ruhusa ya kumwita daktari bila kuulizwa cheo. Muuguzi mfawidhi ndiye mwenye uwezo wa kulisimamia hili, akianza na ratiba. Ratiba inayowapa wazoefu asubuhi na kuwaachia vijana usiku peke yao huwatenganisha saa ile ile ambayo daktari huwa mbali.