Moshi wa jikoni Njombe: tulibadili nyumba, tukasahau njia ya moshi



Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya mwezi wa saba haina utani. Watu wanafunga madirisha mchana kweupe. Kwa hiyo tukitaka kuongelea feni za jikoni kwenye fleti za Njombe na Makambako, lazima tuanze na baridi, halafu tuje kwenye historia.

Jiko la wazee wetu lilikuwa na mafiga matatu na paa la nyasi. Moshi ulipanda, ukakausha mahindi darini na kufukuza wadudu, kisha ukapenya taratibu kwenye nyasi. Macho yaliwasha na vifua viliumia, tusidanganyane. Lakini moshi ulikuwa na kazi, na ulikuwa na njia.

Mwaka 1949 ikaanzishwa kampuni ya miwati, TANWAT, iliyotaka magome ya kutengenezea ngozi. Miwati ikaenea hadi kwenye mashamba ya watu, ikawa kuni na mkaa. Kisha reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ikapita Makambako, pale pale ambapo barabara ya Njombe na Songea inachepuka kutoka ile ya Zambia. Bati na saruji vikazidi kuingia. Nyasi zikaondoka, baadaye ikaja na siling bodi. Bati halipitishi moshi, siling bodi ndiyo kabisa.

Wengi wakajenga jiko la nje, nyuma ya nyumba. Moshi ulihamishwa tu, haukuondolewa, na aliyehama nao ni mama mwenye mtoto mgongoni. Hata kampeni kubwa ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilishughulika na malaria, minyoo, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu. Moshi haukuhesabiwa kuwa ugonjwa. Ulionekana ni sehemu ya kupika.

Leo fleti imerudisha jiko ndani, hatua chache tu kutoka kitandani. Feni ipo, lakini nimeona nyingine bomba lake linaishia juu ya siling. Kwa baridi hii mvuke unaganda kwenye bati, unadondoka, na siling inaota ukungu. Nyingine hazina bomba kabisa: zinachuja mafuta kidogo na kurudisha hewa ile ile jikoni.

Jambo la msingi ni hili: feni haiwezi kutoa hewa nje kama hakuna hewa inayoingia. Ukifunga kila kitu, inazunguka na kupiga kelele bure. Kwa hiyo bomba litoke nje kabisa, liwe fupi, pana, lisilo na kona nyingi, na mdomoni liwe na kifuniko cha kuzuia upepo usirudi. Acha uwazi wa sentimita mbili hivi chini ya mlango wa jikoni, na dirisha la chumba kingine lifunguke kidogo. Chujio lioshwe kwa maji ya moto na sabuni. Kisha shika kipande cha karatasi laini mbele yake: kikivutwa, feni inafanya kazi.

Angalizo: feni si kibali cha kuingiza jiko la mkaa ndani. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inaua watu usingizini.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Mwaka 2024 serikali yetu ilizindua mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ni jambo jema. Lakini hata jiko la gesi linatoa mvuke na moshi wa mafuta ya kukaangia. Tukibadili mtungi tu na kuacha nyumba imezibwa, tutakuwa tumerudia kosa la enzi ya bati.

Fundi anapoleta ramani, muulize kwanza: moshi utatokea wapi?

Nawasilisha.