Kabla na Baada ya Kyadondo: Historia ya Ugaidi Kampala

Ugaidi ukitajwa mjini Kampala, wengi wetu huanzia tarehe 11 Julai 2010. Usiku huo watu walikuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia kati ya Hispania na Uholanzi. Mabomu yakalipuka katika mgahawa wa Ethiopian Village, Kabalagala, na katika klabu ya raga ya Kyadondo. Watu zaidi ya 70 waliuawa. Al-Shabaab walikiri kuhusika, wakitaja majeshi ya Uganda yaliyokuwa Somalia tangu Machi 2007.

Kwa mwanafunzi wa historia, kuanzia hapo ni kuchelewa. Juni 1998 waasi wa ADF walivamia chuo cha ufundi cha Kichwamba, karibu na Fort Portal, wakawachoma wanafunzi mabwenini. Miaka hiyohiyo mabomu yalilipuka Kampala kwenyewe. Sheria ya Kupambana na Ugaidi ya mwaka 2002 ilitokana na vita hivyo. Kwa hiyo Kyadondo iliposhambuliwa, sheria ilikuwa na umri wa miaka minane, nayo ilikuwa na adhabu ya kifo na kibali cha kunasa mawasiliano. Hata hivyo, siku tatu baada ya milipuko Bunge lilipitisha sheria nyingine ya kunasa mawasiliano, ambayo muswada wake ulikuwa umekaa tangu 2007. Kwa maoni yangu, hofu ndiyo iliyoupitisha, si utafiti.

Utafiti ungeanzia wapi? Mimi ningeanza na hukumu ya Mahakama Kuu ya Mei 2016. Jaji Alfonse Owiny-Dollo alisikiliza kesi ya washtakiwa 13 kutoka Uganda, Kenya na Tanzania. Saba walipatikana na hatia ya ugaidi: watano wakafungwa maisha, wawili miaka 50. Hakuna aliyehukumiwa kifo. Isa Ahmed Luyima, aliyeonekana kuwa mratibu, ni Mganda. Jambo hili halilingani na usemi tuliouzoea kwamba adui hutoka nje.

Kumbukumbu za mahakama nazo zisomwe kwa tahadhari. Baadhi ya washtakiwa walilalamika kwamba walitolewa Kenya bila utaratibu wa kisheria na kwamba waliteswa. Mwendesha mashtaka mkuu wa kesi hiyo, Joan Kagezi, alipigwa risasi akafa tarehe 30 Machi 2015, kesi ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Bado ushahidi uliohojiwa na mawakili wa pande zote mbili una uzito kuliko taarifa ya polisi iliyosomwa mbele ya waandishi wa habari, ambayo ndiyo hunukuliwa zaidi katika maandishi yetu.

Tarehe 16 Novemba 2021 mabomu yalilipuka tena, karibu na kituo kikuu cha polisi na karibu na Bunge. Serikali iliwalaumu ADF. Wiki mbili baadaye UPDF ilianza operesheni Shujaa mashariki mwa Kongo. Safari hii pia jibu lilitafutwa ng'ambo ya mpaka, wakati hukumu ya 2016 ilikuwa imekwisha kueleza jinsi Mganda alivyoweza kuandaa shambulio hapahapa mjini.