Sahani za Ndege Kabatini mwa Mama

Katika kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu, wenzangu wameandika habari za mikopo na marejesho. Mimi nimeombwa niandike historia, nami nimechagua sahani. Usicheke, ndugu msomaji! Kabla ya kuwa na sanduku la kufuli tatu tulianza na upatu wa vyombo. Kila mwezi mmoja wetu alipelekewa sahani kwa ngoma na vigelegele, na zilizogombaniwa ni zile zenye tausi.

Sahani za kauri ni wageni wa siku nyingi. Wachina walizitengeneza kwa udongo mweupe uliochomwa kwa moto mkali mno, na majahazi yakazileta pwani. Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, zilipachikwa kwenye nguzo za makaburi. Waungwana wa Lamu walizipanga kwenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani. Hazikuwa za kulia ubwabwa, zilikuwa za kutazamwa. Wazungu waliipata siri ya kuzitengeneza baadaye sana. Kiwanda cha Meissen, Ujerumani, kilianza mwaka 1710. Huko Worcester, Uingereza, kiwanda kilianzishwa mwaka 1751, na wachoraji wake walipaka ndege wa ajabu ajabu, wengine hawapo popote duniani. Lakini korongo wetu mwenye taji, wa mabonde ya Ruvubu, mimi sijamwona kwenye sahani hata moja.

Kwetu Ngara na Biharamulo bibi zetu walijivunia vibuyu na vikapu. Sahani zikaja na maduka, zikakaa kabatini juu ya kitambaa cha kufuma.

Sasa sikilizeni. Mwenzetu mmoja alifiwa na mumewe. Shemeji zake wakaja kugawana vitu, wakabeba baiskeli na redio. Walipofika kabatini akawaambia, "Hizi nilipewa na wenzangu, waulizeni." Tulikwenda akina mama wanane, daftari la upatu likasomwa mbele ya balozi: tarehe, jina, sahani kumi na mbili za tausi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki ya kumiliki mali yake, ila siku ile kilichosema ni daftari. Sahani zikabaki. Baiskeli haikurudi.

Mwaka uliofuata aliuza sita, akanunua mbuzi jike. Sita nyingine bado zipo kabatini, na mpaka leo hajampakulia mtu chakula humo, hata padri.