Mnyauko wa migomba: kukata shina moja bila kung'oa shamba lote

Katika Kivu, mgomba si chakula tu. Njo kasiksi, njo minervali ya watoto, njo kitu mama anabeba sokoni wakati maharagi bado hayajakomaa. Ndiyo maana ugonjwa wa mnyauko, ule majirani wetu wa Rwanda wanaita kirabiranya, umeumiza familia nyingi tangu ulipoonekana Masisi mwaka 2001.

Unaletwa na bakteria. Wataalamu waliieleza mara ya kwanza Ethiopia mwaka 1968, kwenye enseti, mmea wa ukoo wa mgomba. Dalili zake mkulima anazijua: majani yanageuka manjano na kulegea, ndizi zinaiva mbele ya wakati wake, ukizipasua ndani ni rangi ya kahawia. Ukikata shina, unatoka utomvu wa manjano kama usaha. Hakuna dawa ya kupuliza, na kati ya ndizi tunazolima hakuna aina inayoukinga kabisa.

Kwa miaka mingi shauri lilikuwa moja: ng'oa kisiki kizima pamoja na watoto wake wote, zika, ngoja miezi kama sita. Shauri lilikuwa la kweli, lakini nani ana nguvu hiyo? Kung'oa visiki kumi ni kazi ya siku nyingi, na nyumba inabaki bila chakula. Wengi waliacha tu ugonjwa utembee.

Watafiti waliojaribu mambo hayo katika mashamba ya wakulima, na hapa Kivu pia, waliona jambo la maana: shina moja likigonjwa, si lazima watoto wote wa kisiki hicho wagonjwe. Basi unakata lile shina gonjwa peke yake, chini kabisa usawa wa udongo, mara tu unapoona dalili. Mengine yanabaki na kuzaa.

Lakini njia hii inadai mambo mawili mengine. La kwanza ni upanga. Panga lililokata mgomba mgonjwa linapeleka ugonjwa kwa ule mzima, kwa hiyo lipitishe motoni mpaka lisiguswe kwa mkono, ama lioshe na maji ya javeli, kila mara baada ya kukata. Panga la kuazima kwa jirani njo hatari kubwa. La pili ni ule moyo mwekundu unaoning'inia chini ya mkungu. Wadudu wanautembelea na kubeba bakteria. Kichane cha mwisho kikishatoka, uvunje kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu.

Na watoto wa kupanda? Usichukue kwenye shamba lililogonjwa, hata kama wanaonekana wazuri. Mbuzi nao wafungwe, maana wanatafuna mgomba mgonjwa kisha wanahamia kwa mzima.

Ugumu mkubwa, kwa maoni yetu, hauko kwenye mbinu. Kukata shina moja kunataka mkulima apite shambani kila juma, miezi mingi mfululizo. Yule aliyekimbia vita na kulala kambini hawezi kupita. Akirudi baada ya msimu mzima, anakuta ugonjwa umeshika vyote, na shamba la jirani aliyebaki, hata kama alifanya kazi yake vizuri, linaanza kupata wadudu kutoka upande wa pili wa mpaka. Ndiyo sababu vijiji vingine vinakubaliana jirani akate shina gonjwa hata katika shamba la mtu asiyekuwepo. Ni vizuri maneno hayo yapangwe mapema, mbele ya chifu, kabla ya mtu kuondoka.