Vumbi lilipimwa wapi?

Kwa mijadala ya wafanyakazi hakukosi wa kusema, "Vumbi lilipimwa, liko sawa." Mimi huuliza: wapi, saa ngapi?

Mwaka 1916 migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, ilipata konimita ya Robert Kotzé. Ilivuta hewa kidogo mno kwa mpigo mmoja. Chembe zikanasa kwenye kioo, zikahesabiwa kwa hadubini. Yaani hewa ya nukta moja isimamie shifti nzima! Pima kabla mwamba haujalipuliwa, namba inatoka safi. Mchimbaji anarudi kwao na kikohozi.

Pampu ndogo ya kuvaliwa na mfanyakazi mwenyewe, inayovuta hewa karibu na pua yake, ilielezwa Uingereza mwaka 1960. Fidia ya silikosisi, takriban randi bilioni 5, migodi ilikubali 2018. Wengi washazikwa.