Nani anachagua opsioni ya mtoto? Historia ya masomo ya sekondari kwetu Katanga

KILWA, Haut-Katanga. – Wakati huu wa vakansi kubwa, wazazi wenye mtoto aliyemaliza mwaka wa 8 wanaulizana swali moja: aingie opsioni gani? Pedagojia, sababu ndiyo iko karibu? Biashara? Sayansi? Ama atumwe kwa shangazi yake Lubumbashi, akajifunze umeme au ujenzi? Mwezi wa Septemba mtoto huyo ataingia mwaka wa kwanza wa umanite, ule ambao wakubwa wetu waliuita mwaka wa tatu wa sekondari. Kwa hesabu ya masomo yake yote, ni mwaka wa tisa. Kuanzia siku hiyo, masomo na mitihani yake itafuata opsioni aliyoandikishwa mpaka siku ya Exetat.

Ndugu wasomaji na wasikilizaji, swali hilo tunaliona kuwa la kawaida, lakini babu zetu hawakuulizwa kamwe. Kwa miaka mingi mtoto wa Katanga alichaguliwa njia na watu wengine. Haki ya kuchagua ilikuja polepole. Na inaweza kupotea bila mtu yeyote kutunyang'anya, kama tunachelewa kuuliza na kama karatasi za mtoto zimepotea. Ndiyo maana tunaisimulia historia hii leo, zaidi kwa ajili ya familia zilizokimbia vita na zile zinazorudi.

Shule ya jembe na ya nyundo

Mwaka wa 1906 mambo mawili yalifanyika ambayo bado yanaonekana katika shule zetu. Tarehe 26 Mei, Serikali ya Mfalme Leopold wa Pili ilitia sahihi mapatano na Vatikano. Wamisionari Wakatoliki walipewa mashamba, nao wakakubali kufungua shule kwenye misioni zao. Programu ya shule ilipaswa kukubaliwa na Serikali, na ndani yake kilimo na kazi za mikono vilipewa nafasi kubwa. Mwezi wa Oktoba mwaka uleule, kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa.

Kanisa lilikuwa na shule, na kampuni ilihitaji wafanyakazi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière iliamua kwamba mfanyakazi akae kambini pamoja na mke wake na watoto, badala ya kuja na kurudi kijijini. Watoto wa kambi waliwekwa mikononi mwa wamisionari Wabenedikto. Walijifunza kusoma, kuandika, kuhesabu na kusali, na wavulana wakatayarishwa kwa kazi ya baba zao. Sisi wa kando ya ziwa Moero na mto Luapula tulikuwa na sehemu yetu pia: samaki wetu walipelekwa Elisabethville kulisha wafanyakazi. Hakuna aliyemwuliza mtoto wa mvuvi kama anataka kuwa daktari.

Kwa aliyetaka kusoma mbali zaidi, mlango ulikuwa karibu mmoja tu: seminari. Mfano mkubwa ulitoka upande wetu huu wa mashariki. Stefano Kaoze, mtoto wa Marungu, alisoma seminari kwa miaka mingi, na tarehe 21 Julai 1917 alipewa upadri kule Baudouinville, karibu na Moba ya leo. Alikuwa padri wa kwanza Mkongomani. Kichwa cha kusoma hakikukosekana kwa watoto wetu. Kilichokosekana ni milango.

Mlango wafunguliwa kidogo

Mwaka wa 1948 Wabeleji walibadilisha programu. Baada ya miaka ya kwanza ya shule ya msingi, watoto waligawanywa: wengi waliwekwa katika darasa la kawaida, wachache katika darasa la waliochaguliwa. Wale wachache ndio waliotayarishwa kwa sekondari. Mtoto angali mdogo, na tayari njia yake imekatwa, wala mzazi hakuitwa.

Mwaka wa 1954 waziri wa makoloni, Auguste Buisseret, alifungua shule za Serikali zisizo za misioni kwa Wakongomani. Mwaka uleule Chuo Kikuu cha Lovanium kilianza karibu na Léopoldville, na mwaka wa 1956 chuo kikuu cha Serikali kikafunguliwa Elisabethville. Lakini muda ulikuwa umekwisha. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, Wakongomani waliokuwa na diploma ya chuo kikuu hawakufika 30, bila kuhesabu mapadri. Inchi kubwa namna hii.

Na wasichana? Wao walifundishwa hasa kushona, kupika na kutunza nyumba. Sophie Kanza alipomaliza Lovanium mwaka wa 1964, alikuwa mwanamke Mkongomani wa kwanza kupata diploma ya chuo kikuu. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1966, aliingia serikalini kama waziri. Mzazi anayesema leo kwamba msichana opsioni yake ni kushona tu, anarudia programu ya mkoloni bila kujua.

Miaka miwili ya kumtazama mtoto

Baada ya uhuru, mwanzoni mwa miaka ya 1960, sekondari ilipangwa upya. Miaka miwili ya kwanza ikawa ya masomo ya pamoja kwa wote. Wazee wanaikumbuka kwa jina la C.O., maana yake cycle d'orientation, miaka ya kumwelekeza mtoto. Wazo lake lilikuwa zuri: usimgawanye mtoto angali mdogo. Mpe miaka miwili ajaribu hesabu, lugha, sayansi na jiografia. Walimu wamtazame, wazazi wamtazame, naye ajitazame. Kisha ndipo achague.

Mwaka wa 1967 Exetat ikaanzishwa, mtihani mmoja kwa inchi nzima. Kabla yake, thamani ya diploma ilifuata sana jina la shule. Tangu hapo mtoto wa Kilwa na mtoto wa Kinshasa wenye opsioni moja wanajibu maulizo ya namna moja. Kwa sisi wa mbali, hiyo ilikuwa haki kubwa.

Mwisho wa mwaka wa 1974 Mobutu aliziweka shule za makanisa chini ya Serikali. Mambo hayakwenda vizuri, na tarehe 26 Februari 1977 Serikali ikatia sahihi mapatano ya kuyarudishia makanisa uongozi wa shule zao. Ndiyo sababu hata leo tuna shule za Serikali zinazoongozwa na Wakatoliki, Waprotestanti au Wakimbangu. Miaka ya 1990 mishahara ya walimu ilipoanguka, wazazi ndio walioanza kuwalipa ili shule zisifungwe. Tangu wakati ule, opsioni ikaanza kuchaguliwa kwa mfuko.

Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 iliweka masomo ya msingi kuwa miaka 8: sita ya shule ya msingi, na miwili, mwaka wa 7 na wa 8, iliyochukua nafasi ya C.O. Kisha inafuata miaka minne ya umanite, ambayo kwenye karatasi za shule imeandikwa humanités. Mwisho wa mwaka wa 8 kuna mtihani wa inchi nzima unaoitwa TENASOSP, ambao kazi yake ni kupima na kumwelekeza mtoto. Masomo ya bure yaliyoanza Septemba 2019 yaliondoa mzigo wa shule ya msingi ya Serikali. Umanite bado inalipwa na mzazi.

Vita na karatasi

Historia yetu ya Kilwa na Pweto ina ukurasa mwingine ambao vitabu vya shule havina. Desemba 2000 Pweto ilipoangukia mikononi mwa waasi na jeshi la Rwanda, maelfu walivuka kwenda Zambia, wengi wakaishi katika kambi za Kala na Mwange. Oktoba 2004, jeshi liliporudisha mji wetu wa Kilwa kutoka kwa kundi lililokuwa limeuteka, raia zaidi ya 70 waliuawa kulingana na uchunguzi wa Umoja wa Mataifa, na nyumba ziliporwa. Baadaye Mai-Mai wakachoma vijiji katika pembe ya Manono, Mitwaba na Pweto. Mwaka wa 2017 watu walivuka tena, na Januari 2018 Mantapala ikafunguliwa katika wilaya ya Nchelenge. Desemba 2021 misafara ya kurudi kwa hiari ilianza kufika Pweto.

Mtu akikimbia usiku anachukua mtoto, sufuria na blanketi. Buletini inabaki juu ya kabati. Halafu miaka inapita, mtoto anafika umri wa umanite, prefe anaomba karatasi, na hakuna. Zamani mkoloni ndiye aliyesema huyu apite, huyu abaki. Leo inatosha karatasi moja iliyoungua.

Kuna tatizo jingine kwa wanaorudi kutoka Zambia. Kule mwaka wa masomo unaanza Januari, kwetu Septemba. Kule masomo ni kwa Kiingereza, kwetu sekondari ni kwa Kifaransa. Na hesabu ya miaka inadanganya. Katika mpango wa zamani wa Zambia, Grade 9 ilikuwa mwisho wa sekondari ndogo, masomo bado ya pamoja kwa sehemu kubwa. Tangu Januari 2025, wanaomaliza Grade 7 wanaingia Form 1. Kwetu mwaka wa tisa ndio wenyewe wa opsioni. Basi mtoto aliyemaliza Grade 8 au Form 1 anaonekana yuko tayari kwa umanite, kumbe hajafanya TENASOSP, na hajasoma Kifaransa cha kumtosha kufuata kemia au uchumi.

Mambo ya kufanya kabla ya Septemba

Kwanza, mama na baba, msingoje mwisho wa mwaka wa 8. Miaka ya 7 na 8 iliwekwa kwa ajili ya kumtazama mtoto. Fungueni buletini zake za miaka hiyo miwili, muangalie somo kwa somo, si asilimia ya mwisho tu. Mtoto mwenye alama nzuri za hesabu miaka miwili mfululizo anawaambia kitu. Mwenye kupenda kutengeneza redio na pampu za jirani anawaambia kitu pia.

Pili, mwulize mtoto mwenyewe, na mumwache amalize kusema. Miaka minne ni yake.

Tatu, mwulize prefe maulizo matatu: opsioni hii imekubaliwa na Serikali? Wanafunzi wake wamekwisha kufanya Exetat? Mwalimu wa somo kubwa la opsioni yuko? Sayansi bila mwalimu wa hesabu ni jina tu kwenye kibao cha shule. Heri pedagojia iliyo na walimu.

Nne, kama opsioni inayomfaa iko Lubumbashi, pigeni hesabu ya miaka yote minne: safari ya kilomita zaidi ya 300, chakula, makuta ya shule, na jamaa atakayemkaribisha. Ongeeni na jamaa huyo mapema, kwa mdomo na kwa heshima. Mtoto anayefika tu na valizi yake, mara nyingi anarudi katikati ya mwaka.

Tano, kwa waliokimbia na wanaorudi: nendeni ofisi ya sous-proved mapema, vakansi haijaisha, na karatasi yoyote mliyo nayo, hata ripoti ya shule ya Zambia. Kama buletini zimepotea, mwulizeni prefe wa shule ya zamani, sababu shule nayo inaandika alama katika madaftari yake. Na kama wanamrudisha mtoto mwaka wa 7 au wa 8, msione ni haya. Mwaka mmoja wa kujenga Kifaransa ni bora kuliko minne ya kunyamaza darasani.

Sita, karatasi zikipatikana, pigeni picha kwa simu na mtumie jamaa anayekaa mji mwingine. Za kwenyewe ziwekwe ndani ya plastiki, pahali ambapo kila mkubwa wa nyumba anapajua. Kila buletini ya umanite itakayokuja iwekwe humo humo, maana siku ya kutayarisha dosye ya Exetat zitaombwa.

Stefano Kaoze alikuwa na mlango mmoja, akaupita. Watoto wetu wana mingi zaidi, ingawa mingine iko mbali na mingine inaomba makuta. Kazi ya mzazi ni kuijua yote kabla haijafungwa. Prefe wengi wanaanza kuandikisha mwezi wa Agosti. Aliye na mtoto wa mwaka wa 8 nyumbani, amwite leo jioni, wakae pamoja na buletini mbele yao.