Likizo kubwa: namna ya kupanga safari ya Nyangwe pamoja na watoto wadogo

Masomo yanapofungwa mwanzoni mwa mwezi wa saba, wazazi wa Kasongo na Kabambare wanaanza kusikia ulizo moja nyumbani: «Tutaenda wapi?» Simu nayo imeongeza mambo. Mtoto anaona picha za binamu zake wa Ulaya wakizungushwa juu ya farasi za mbao kule Disneyland, karibu na Paris, pahali palipofunguliwa mwaka 1992, naye anawaza kwamba kila muji uko na pahali kama pale. Sisi wa Maniema ya kusini hatuna uwanja wa mashine za michezo. Tuko na Lualaba, tuko na michanga inayotokea mtoni wakati wa kiangazi, na tuko na Nyangwe, kijiji ambacho jina lake linasomwa katika vitabu vya historia vya ulimwengu muzima, huku watoto wengi wa Kasongo hawajakanyaga huko hata siku moja.

Nyangwe iko ukingo wa kuume wa Lualaba, ni kusema upande wa mashariki, kaskazini-magharibi ya muji wa Kasongo, mwendo wa zaidi ya kilometa 50. Kwa hiyo anayetoka Kasongo hana lazima ya kuvuka mto mkubwa. Anayetoka kwenye reli, upande wa Samba ao Kibombo, yeye atavuka. Na anayetoka Kabambare ajue kwamba kabla hata ya kufika Kasongo kuko zaidi ya kilometa mia. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kufanya hiyo yote kwa siku moja. Lala Kasongo kwa ndugu, mpumzike, kisha muendelee.

Wakati gani

Kiangazi ndiyo saa yake. Kuanzia katikati ya mwezi wa saba mpaka katikati ya mwezi wa munane, matope yamekauka, maji ya mito midogo yamepungua na pikipiki zinapita. Mwezi wa tisa mvua zinarudi, tena masomo yanaanza. Lakini usidanganywe na jua la saa sita: asubuhi karibu na mto kuko ukungu na baridi, na mtoto aliyetoka nyumbani na shati moja tu atakohoa mpaka Kasongo. Beba triko.

Kuko sababu ingine ya kutochelewa. Malaria haionekani siku ile mbu anapouma. Mara nyingi inachukua siku 7 mpaka 14, pengine zaidi, kabla ya homa kutokea. Ukirudi siku mbili tu mbele ya masomo, mtoto atagonjwa darasani. Ukirudi mbele ya majuma mawili, utamwangalia mwenyewe nyumbani.

Njia na usalama

Ulizo la usalama linakuja mbele ya ulizo la feza. Njia za upande wa Kabambare, zaidi sana eneo la Salamabila, zimeteswa miaka mingi na vikundi vyenye silaha, na hali inaweza kubadilika kwa juma moja. Habari ya mwezi uliopita haifai. Uliza wamotari waliopita jana, uliza wamama wa soko wanaorudi, uliza shefu wa kijiji unakoenda. Wakikuambia watu wametoka kijijini ao wamotari wamepandisha bei bila sababu, hiyo ni jibu. Bakia nyumbani, utaenda mwaka kesho.

Ukiwa na watoto wawili, hesabu pikipiki mbili na watu wazima wawili. Mtoto anakaa katikati ya motari na mzazi, hapana mbele juu ya tanki: pikipiki ikianguka, aliye mbele ndiye anapiga chini wa kwanza. Mvalishe suruali ndefu juu ya bomba la moshi, sababu alama za kuungua kwenye miguu ya watoto wetu karibu zote zinatoka hapo. Mumfunike mdomo na kitenge chepesi juu ya mavumbi. Kila saa moja simameni, atembee, anywe maji. Ondokeni kunapopambazuka ili mufike mbele ya jua kali, wala musikubali kuendesha usiku.

Bei mupatane ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda, na musilipe yote mbele. Katika bajeti ya nyumba, tia nauli, chakula, dawa, kitu kidogo cha kumwachia mwenyeji anayewalaza, kisha weka pembeni akiba inayotosha kumrudisha mtoto mgonjwa Kasongo kwa haraka. Kama akiba hiyo haiko, safari haijakuwa tayari. Najua ni neno gumu kwa mzazi aliyeahidi.

Bebeni kadi ya kura ya kila mtu mzima na kadi ya chanjo ya kila mtoto. Mtoto asiye wako, yule wa shangazi ao wa jirani, abebe barua ya wazazi wake. Kwenye barierе watu watakuuliza, na wako na haki ya kuuliza. Mukifika, mtu wa kwanza wa kusalimia ni shefu. Mwambie muko wangapi, mutalala kwa nani, mutarudi siku gani. Hapo hapo muombe ruhusa ya kupiga picha.

Chakula na tumbo

Mchele ni chakula chetu, lakini wali uliopikwa asubuhi na kufungwa ndani ya sahani ya plastiki usimpe mtoto mangaribi. Joto linauharibu hata kama haunuki. Kwa njia, karanga, ndizi, mikate na mayai ya kuchemsha ni bora. Kule Nyangwe, samaki wa siku ile aliyepikwa mbele ya macho yako hana shida. Maji ya kunywa mubebe yaliyochemshwa, na kule mupike mengine. Maji ya Lualaba yanaweza kuonekana safi ndani ya kikombe na kuwa na kuhara ndani yake. Mtoto asiyefika miezi sita, maziwa ya mama yanamtosha, hata kwenye jua.

Mtoto akianza kuhara, musingoje. Kama hamuna unga wa serum wa kituo cha afya, tengenezeni: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari visivyo vya mlima, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Musizidishe chumvi. Anywe kidogo kidogo, kila mara. Akiwa na macho yaliyoingia ndani, ao hana machozi anapolia, ao analala tu, mupeleke kituo cha afya saa ile ile.

Chandarua chenye dawa ni mzigo wa kwanza kufungwa. Musitegemee cha mwenyeji, maana yeye pia ana watoto.

Mto

Hapa ndipo naomba kila mzazi asome polepole. Mtoto wa Kasongo anaujua mvua na kisima, hajui Lualaba. Anaona maji yametulia na anawaza ni kama sahani kubwa. Lakini chini maji yanatembea, na mchanga wa kiangazi unaweza kuwa na maji ya magoti hapa na shimo hatua mbili mbele. Mamba na kiboko wako vile vile. Wagenia, watu wa mto, wanajua wapi pa kuoga na wapi pa kuacha. Angalia wamama wa kijiji wanapofulia, uliza, kisha kaa hapo hapo. Mtu mzima mmoja hana kazi ingine isipokuwa kuangalia watoto: hapigi picha, hazungumzi kwa simu. Mubadilishane kila nusu saa. Musiwaache wacheze kwenye maji yaliyosimama yenye majani na konokono, sababu ndipo kichocho kinapatikana.

Na mtumbwi? Watoto wote watalilia mtumbwi. Maoni yangu ni haya: mtoto wa chini ya miaka mitano asiyekuwa na jilé ya kuokolea inayomtosha asipande kwa ajili ya matembezi. Kuvuka kwa lazima ni jambo lingine, kutembea ni jambo lingine. Bido tupu lililofungwa kifuani linaelea, ndiyo, lakini halishiki kichwa cha mtoto juu ya maji. Kama munapanda, mupande asubuhi mbele ya upepo, mtumbwi usijae, kila mtoto mdogo awe na mtu mzima wake. Na mama asimfunge mtoto mgongoni na kitenge ndani ya mtumbwi. Kwenye njia ni salama. Mtumbwi ukipinduka, ile fundo ndiyo inamshika mtoto chini ya maji. Amshike mbele, mikononi, bila kumfunga.

Watakaobaki ukingoni hawatakosa mchezo. Kila mtoto achukue jani, alitie alama, alitupe majini. Kisha umwambie njia ya jani: litapita Kindu, litapita Ubundu, litaangukia maporomoko ya Boyoma, na kuanzia Kisangani mto utabadili jina na kuitwa Kongo. Litaona Mbandaka, litaona Kinshasa, mpaka bahari. Mwaka 1871 Livingstone alisimama Nyangwe akiwaza kwamba maji haya ni ya mto Nile. Alingoja mtumbwi kwa zaidi ya miezi mitatu, hakupewa. Cameron alifika mwaka 1874, naye akakosa. Stanley ndiye aliyeondoka Nyangwe tarehe 5 mwezi wa kumi na moja 1876 pamoja na Tippu Tip, akafuata mto, akatokea Boma mwezi wa munane 1877. Watoto wa miaka sita wanapenda sana kusikia kwamba wazungu wenye vitabu vingi hawakujua kitu ambacho jani linajua.

Kile utakachomwambia mtoto

Siku moja mtoto atauliza: «Na hapa kulitokea nini?» Nyangwe ilikuwa kituo cha biashara cha Waarabu na Waswahili tangu miaka ya 1860. Soko lake lilikuwa kubwa, na wauzaji wengi walikuwa wanawake, wengi wao wakitoka ngambo ya mto na mitumbwi yao. Tarehe 15 mwezi wa saba 1871, watu wenye bunduki waliingia sokoni. Livingstone alisikia mmoja wao akibishana juu ya bei ya kuku. Halafu bunduki zikalia. Watu walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikajaa na kupinduka, wengi wakazama. Wafanya biashara wenyewe walihesabu wafu kati ya 330 na 400. Livingstone, aliyekuwa amekosa karatasi, aliandika siku zile juu ya kurasa za gazeti la zamani la Uingereza, kwa wino uliotengenezwa na mmea wa hapa. Habari hiyo ilifika Ulaya na kuongeza nguvu kwa wale waliotaka soko la watumwa la Zanzibar lifungwe, na likafungwa mwaka 1873.

Mtoto wa miaka mine hahitaji hesabu ya wafu. Inatosha kumwambia: hapa kulikuwa soko, watu wabaya waliua wamama waliokuja kuuza, ndiyo maana hapa hatupigi kelele. Kuanzia miaka minane ao tisa anaweza kusikia yote, lakini umwambie ukiwa umekaa naye, hapana njiani juu ya pikipiki. Mutangulie kuongea na mzee wa kijiji. Mzee anaijua hadisi hii kuliko kitabu, na anajua pahali pa kuonyesha.

Ulizo gumu linakuja kisha: «Papa, sisi tulikuwa wale wa kupiga ao wale wa kupigwa?» Katika Maniema ya kusini jamaa nyingi ziko na damu ya pande zote mbili. Bibi mmoja aliletwa kwa nguvu, babu mwingine alibeba bunduki, na wote wawili walituachia Kiswahili tunachosema, mchele tunaolima, na kwa wengi wetu dini tunayoifuata. Usimdanganye. Mwambie unachojua juu ya jamaa yako, na usichokijua uliza wazazi wako wakiwa wangali hai.

Watoto wakubwa waliopenda habari hiyo, siku ingine muwapeleke Tongoni, Kasongo ya zamani ya Tippu Tip, katika wilaya hii hii. Wachunguzi wa mambo ya kale walifanya kazi huko katika miaka ya 2010. Vipande vya vyungu na shanga wanavyovikuta chini waviangalie na kuviacha pale pale.

Mukirudi

Oga watoto, angalieni miguu kama kuko miiba ao funza, fueni nguo zote. Kisha kwa majuma mawili kila mangaribi mtie mkono shingoni kwa kila mtoto. Homa ikionekana, musinunue dawa kwa kubahatisha: mupeleke apimwe malaria kabla ya saa 24 kupita, na mumwambie muuguzi kwamba mtoto alilala kando ya Lualaba.